Kiti cha Baba Kimegeukia Ukuta

Nyumbani kwetu,
Chumba cha mbele, saluni,
Jumatatu asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajabisha.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini baridi ya huko imewaachia masikio. Kile kikohozi chako kimekwisha? Kama bado, acha kujitibu kwa ushauri wa watu wa kazini, nenda kwa daktari. Wifi yangu naye mgongo wake unaendeleaje? Mwambie picha yake nimeipata, amenenepa vizuri, na nikisema vizuri namaanisha vizuri, asianze kuuliza nilikuwa na maana gani.

Sisi huku ni wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mama miguu inavimba asubuhi na kupungua jioni, ila ulimi wake haupungui saa yoyote. Mimi kiuno kinaniuma kwa kusimama, lakini wateja wapo, maana nywele za watu hazijaacha kuota. Baba anakula, analala, na anakwenda chooni bila kushikwa mkono. Kama ulitaka habari za afya peke yake, unaweza kuishia hapa na kuikunja barua.

Umenilalamikia mambo mawili. La kwanza, kwamba kila ukimpigia baba simu anaikata. La pili, kwamba nimwambie aanze kuuandaa ule wimbo wake wa kufungulia dansi, ili ukija likizo aupige mbele yako na wewe umrekodi, kwa kuwa umekwisha kuwatangazia watu wa huko kwamba baba yako ni bingwa wa jazi ya zamani na mpaka leo anapuliza. Mdogo wangu, baba hapulizi tena, na hatapuliza. Kaa kitako nikueleze. Faida ya barua ni kwamba huwezi kunikatiza.

Walimgeuzia kiti.

Najua hapo umeiweka barua mezani. Ichukue tena. Wewe si mtu wa kuelezwa maana ya kugeuziwa kiti, lakini najua wifi yangu anasomea begani mwako, kwa hiyo namweleza yeye. Wifi, katika bendi ya baba mkwe wako mtu hakufukuzwa kwa mdomo. Hakuna aliyeambiwa umezeeka, au hujui, au pumzi zimekwisha. Mtu alikuja mazoezini kama kawaida yake akakuta kiti chake kimegeuzwa, kinatazama ukuta. Basi. Alichukua chombo chake akatoka bila kuuliza na bila kuaga, na wenzake hawakuruhusiwa kumtazama. Papo hapo baba alihesabu wimbo, ili yule mtu ausikie ukianza bila yeye kabla hajafika barabarani. Baba aliuita huo utu. Alisema ukimpa mtu maneno umempa nafasi ya kulia.

Rafiki yake wa kufa na kupona, mpiga saksafoni, aligeuziwa wiki ileile aliyotoka kumzika mkewe, kwa sababu mawazo yalikuwa yanamchelewesha kuingia. Mumeo naye aligeuziwa. Ndiyo maana ana kazi nzuri huko, na wewe una mume. Mimi peke yangu sikugeuziwa, kwa kuwa enzi zile mtoto wa kike hakupewa kiti.

Sasa nirudi kwako. Aliyemgeuzia baba kiti ni binti yako.

Usikurupuke. Kipenga uliyeniachia hajui kufunga kamba za viatu sasa ni mwanamke mzima mwenye mabega, na ndiye kiongozi wa bendi. Bendi yenyewe ilikuwa imekufa, wewe unajua, wazee wametangulia mmoja mmoja na vyombo vimerundikwa kabatini chini ya mapazia ya mama. Huyu mtoto alilitoa tarumbeta, akalipuliza likalia kama mlango, na baba, aliyekuwa ameshaanza kuzubaa siku nzima kwenye kochi, akasimama. Alimfundisha kila siku kwa kufoka. Hujapata kumwona mzee akifurahi vile kwa kumtukana mtu.

Kipenga akakusanya wenziwe. Yuko kijana mmoja tunamwita Fundi Simu, mchana anatengeneza simu kwenye kibanda pale kona na akitoka huko anapiga gitaa la solo. Yuko Mwashi, anayejenga nyumba za watu na kupuliza tarumbeta kwa mapafu yaliyozoea vumbi la saruji. Na wengine, sitakuchosha. Hawa vijana hawataki muziki wa kubonyeza kompyuta. Wanataka jazi ileile, matarumbeta yakiulizana na kujibizana, magitaa yakifuata nyuma bila haraka, tai shingoni na viatu vimepigwa rangi. Wanaitunza kuliko wazee wenyewe walivyoitunza. Wazee walikuwa wanalewa.

Uaminifu wao ndio ulionitia wasiwasi mapema. Fundi Simu alizisafisha kanda za zamani kwa kibrashi chake cha kazini, wakazisikiliza mpaka wakazikariri na mikwaruzo yake. Kwenye ule wimbo wa kufungulia, baba anakohoa kidogo kabla ya tarumbeta kuingia. Basi na Mwashi anakohoa hapohapo, jukwaani, mbele za watu waliolipa. Nilimweleza kwamba kile kilikuwa kikohozi cha sigara. Akanijibu kwa heshima zote, "Shangazi, kikohozi kile kiko ndani ya mapigo."

Na baba walimhoji hivyohivyo. Nani alisimama wapi, leso ilishikwa mkono gani, aliyechelewa alipewa adhabu gani. Jumamosi moja, wakiwa wamepumzika kwa chai katika kile chumba cha uani cha mazoezi, Mwashi akauliza mtu alifukuzwaje siku zile. Baba alicheka mpaka akashika meno yake ya bandia kwa mkono. Akawaeleza habari ya kiti, na mfano aliochagua kati ya mifano yote aliyonayo ulikuwa wewe. Jinsi ulivyosimama. Jinsi ulivyoligonga tarumbeta kwenye mlango ukitoka, kwa kuwa macho yalikuwa yamejaa na huoni njia. Aliigiza mpaka mlio wa mlango. Vijana walicheka, na sikuwalaumu, baba anajua kusimulia.

Mimi nilikuwa mlangoni na taulo begani. Kipenga alikuwa anafuta vitufe vya tarumbeta lake kwa kitambaa na hakuinua kichwa. Aliuliza tu, na aliyegeuziwa akirudi? Baba akasema harudi, na akirudi hakuna anayemwona. Nilifikiri mtoto anauliza kwa uchungu wa baba yake. Nilikosea. Alikuwa anauliza ili afahamu.

Nisije nikakufanya umwone baba kama malaika aliyeonewa. Alikuwa ameharibika, na alikuwa anaharibu. Yale meno hayakai, na tarumbeta bila meno ni bomba la maji. Alikuwa anaingia kwenye wimbo pasipo pake, akiambiwa anasema wao ndio wamepotea. Sherehe moja ya arusi, watu wamejaa ukumbini, aliusimamisha wimbo katikati, akamwambia Mwashi mbele ya wageni wote akachanganye saruji. Kisha akaanza kupuliza yeye, meno yakateleza, ukatoka mlio ambao watoto wa meza ya mbele walidhani ni mzaha wakapiga makofi. Baba aliinama kuwashukuru. Kipenga alikuwa pembeni yake, amekenua meno yote kwa watu, na kidevu kinamtetemeka. Nilitamani ardhi inimeze na kiti changu.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uani nafua taulo za saluni. Baba alitoka chumbani kwake amevaa kofia, mfuko wa tarumbeta mkononi, akanisalimia vizuri. Akaufungua mlango wa chumba cha mazoezi. Dirisha lilikuwa wazi, niliona kama ninavyoiona karatasi hii. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa.

Alisimama. Sijui kwa muda gani, povu lilikuwa linanikaukia mikononi. Hakuna aliyemtazama, aliwafundisha vizuri mno. Kipenga akahesabu kwa sauti ya juu, kwa sauti ya baba ile unayoifahamu, na wimbo wa kufungulia ukaanza. Mwashi alikuwa amefumba macho na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola, na bado aliingia mahali pake sawasawa. Baba akauinua mfuko wake akatoka. Tarumbeta lake hakuligonga kwenye mlango.

Lakini kuna jambo moja ambalo wale watoto, pamoja na akili zao zote, hawakulipigia hesabu. Zamani mtu akigeuziwa alikwenda zake, alikuwa na barabara ya kumpeleka mbali. Baba anaishi humuhumu. Alitoka akapita kwenye ndoo zangu, akaingia chumbani kwake, na ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa chumba cha mazoezi. Kile kiti kinautazama ukuta huo, na ng'ambo yake ndiko kilipo kitanda cha baba. Alikaa kitandani akasikiliza mazoezi yote mpaka mwisho. Sheria waliyoirithi haikuwa na kifungu cha mtu kama huyo.

Jioni ile nilimwita Kipenga saluni, nikafunga mlango, nikamkalisha kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo ili ajitazame vizuri. Nikamuuliza kama amelipiza kisasi cha baba yake. Jibu lake nakuandikia neno kwa neno, kwa kuwa wewe ndiye uliyemzaa: "Baba alistahili, shangazi. Nimezisikiliza zile kanda. Anachelewa kuingia, na akiingia sauti inapanda juu ya wenzake."

Mkono wangu ulikwisha kuondoka kumzaba kofi. Badala yake nilicheka, na nilipomaliza kucheka nikalia. Kusema kweli mdogo wangu, ni kweli ulikuwa unachelewa. Akaniambia kwamba angemwambia babu kwa maneno matamu, babu angemdharau mpaka kufa, na kwamba ile ndiyo heshima pekee anayoijua babu. Labda. Niliona uso wake kwenye kioo na haukuwa uso wa mtu anayejifurahisha.

Mama nilipomwambia alisema acha naye aionje, aliwaonjesha wengi. Kisha akaamka na miguu yake ile akampelekea baba chai chumbani kwa mkono wake mwenyewe. Sikumbuki mara ya mwisho alipofanya hivyo. Alipotoka alikuwa amekunja uso na hakutaka kuulizwa.

Baba hakulitaja. Tarumbeta liliingia chini ya kitanda na mdomo wake wa kupulizia ukachomolewa, ukawekwa kwenye droo pamoja na vidonge. Jumamosi iliyofuata alikaa kimya. Jumamosi ya pili yake Mwashi aliingia mapema kuliko mahali pake, kama kawaida yake pale wimbo unapogeuka, na ukuta ukagongwa. Ko. Ulikuwa mkongojo wa baba.

Bendi yote ilikwama. Nilikuwa na mteja kichwani, nikaacha kitana kwenye nywele za watu nikaenda kuchungulia. Kipenga alitazama ukuta, akawaambia warudie. Walirudia, Mwashi akaingia sawasawa, ukuta ukanyamaza. Tangu siku hiyo ikawa ndio mtindo. Kosa la mtu mmoja, pigo moja. Wakianza kukokota mwendo wote, mapigo mfululizo kwa hasira. Baba alianza tena kunyoa ndevu Jumamosi. Alivaa shati la kola akakaa kitandani ameukabili ukuta na mkongojo magotini, na jioni alikula vizuri na kuitukana bendi yote mezani, mmoja mmoja kwa jina la kazi yake, na macho yalikuwa yanang'aa. Nilisema moyoni, basi, Mungu ametupa njia. Nilitaka hata kukuandikia wakati ule, barua ingekuwa fupi na yenye furaha.

Kipenga aliivunja. Alisema watu wake wamekuwa wakipiga huku masikio yao yakiwa ukutani badala ya kusikilizana, wakishtukia kosa kabla hawajalifanya, wakilifanya kwa kushtuka. Jambo hilo nililiona mwenyewe, siwezi kumsingizia. Kisha akasema aliyegeuziwa kiti hasemi, na babu anasema. Wakahamia kwenye darasa tupu la shule ambayo Mwashi alikuwa anaipiga plasta. Walivitoa vyombo vyote asubuhi ya Jumamosi, wakapita navyo chini ya dirisha la baba kwa kunyata, na ngoma ile kubwa ilivyo haikunyata.

Baba alikuwa amekwisha kuvaa. Alikaa ameukabili ukuta mpaka chai ikapoa. Akaniambia leo wamechelewa. Ningeweza kumdanganya, lakini mimi ni mtoto wake, kudanganya hakunitoki vizuri. Nikamwambia wamehama. Akasema, "Vizuri. Chumba kile kina unyevu." Na akaendelea kukaa vilevile, na shati lake la kola, mpaka saa ambayo mazoezi huisha.

Wiki ile hakula vizuri. Ndipo nilipofunga saluni mchana kweupe nikaenda mpaka kwenye ile shule. Niliwakuta wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika videvuni, vumbi jeupe kwenye viatu vyao vyeusi. Nikamtoa Kipenga nje. Nikamwomba wawe wanarekodi mazoezi yao kwa simu na kumpelekea babu, mazoezi hivyohivyo, na makosa yake yote. Nilimsisitizia makosa. Alinitazama kama niliyemwomba ampelekee babu yake chakula kilichochacha. Lakini alisema atarekodi.

Walishinda darasani juma zima kwa ajili ya wimbo ule mmoja wa kufungulia. Mwashi midomo ilimvimba akawa hawezi kunywa kitu cha moto. Walirudia, wakafuta, wakarudia, na walipoona haudaiwi kitu tena, Fundi Simu akauingiza kwenye simu ya baba akamwonyesha pa kubonyeza. Kipenga alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake na hakuingia. Alidhani anampa zawadi. Ninaamini kabisa kwamba alidhani hivyo.

Baba alinyoa, akavaa, akakaa mahali pake, simu juu ya goti na mkongojo mkononi. Mimi nilijifanya nakunja taulo. Wimbo ukaanza. Ulipofika pale Mwashi anapowahi, mkongojo ukainuka. Mwashi akaingia sawasawa. Mkongojo ukashuka. Ulipofika pale magitaa yanapokokota, ukainuka tena, na hayakukokota. Hata kile kikohozi kilikuwepo, kwenye mapigo yake. Akaenda hivyo mpaka mwisho, akiinua na kushusha, na ukuta haukuguswa. Akaniambia, "Rudisha."

Tangu siku hiyo anausikiliza kila siku. Anausikiliza asubuhi, anausikiliza akila, anausimamisha, anarudi nyuma kidogo, anainamisha sikio. Ananiita niache wateja nije nisikilize, hapa hujasikia kitu? Sijasikia kitu baba. Na hapa? Masikio yangu unayajua, nimekulia chini ya meza ya bendi. Kosa hakuna. Wameipiga jazi yake vizuri kuliko alivyoipiga yeye siku yoyote ya maisha yake, na yeye ndiye wa kwanza kujua.

Hiyo ndiyo sababu ya simu zako kukatwa. Ukipiga, wimbo unakatika, na yeye anapoteza mahali alipofikia. Kwa maneno mengine, mdogo wangu, bado unaingia pasipo pako.

Juzi alimwambia mama kwamba wale watoto wamemaliza kujifunza. Aliyasema polepole, kama mtu anayesoma risiti. Mwili wake unakwisha. Shati lile la kola sasa linamvaa yeye.

Nilirudi kwa Kipenga. Safari hii sikumbembeleza, nilimwambia anamuua babu yake kwa usafi. Alilia, alilia vibaya, kama siku ile ulipoondoka na akakuona unapanda gari. Akasema yuko tayari kufanya lolote, amejaribu hata kukosea makusudi, wamejaribu wote, na walipojisikiliza walicheka kwa aibu. Kosa la makusudi linasikika. Babu angelijua kabla halijafika katikati, na angejua kwamba anahurumiwa, na hapo ndipo angekufa kweli. Alisema kweli. Nilirudi nyumbani nikiwaza nani katika ukoo huu anaweza kukosea kwa moyo safi, bila kujua, bila kutaka, huku akijitahidi.

Ndipo nilipokukumbuka.

Njoo, na uje na tarumbeta lako. Najua unalo, wifi aliniambia unalipuliza Jumapili watoto wakiwa wametoka. Ingia kwenye kile chumba cha uani, baba akiwa kwake, ufungue ule wimbo wa kufungulia na uupige kwa uwezo wako wote. Utachelewa kuingia. Sauti itapanda. Ukuta utagongwa, na wewe urudie, na utachelewa tena. Sikutukani, mdogo wangu. Makosa ya kweli katika nyumba hii yamebaki kwako peke yako, na baba anakufa kwa kuyakosa.

Ninajua ninachokuomba. Ninakuomba ukae umgeuzie mgongo mtu aliyekufukuza, akugonge kama mtoto, na bintiyo akiwa uani anasikia. Ni ukatili. Nimetafuta njia iliyo laini kuliko hii sikuiona, na muda wa kuitafuta zaidi hatuna. Wale watu wako huko uliowaahidi kwamba baba atakupigia, waambie mipango imebadilika, wewe ndiye utakayempigia. Na tangu leo lifunge lile tarumbeta na usiliguse. Nakusihi usifanye mazoezi.

Mama anakusalimu, na anasema usilete tena viatu vya Kipenga kwa kukisia, mguu wake ulishakua wewe hukuwepo. Fundi Simu na Mwashi wanakusalimu kwa heshima, Mwashi hasa, anasema amezisikia kanda zako na hakuongeza neno. Baba hajakusalimu, simu ilikuwa sikioni. Kipenga naye hakunituma salamu, lakini nilipomwambia nakuandikia aliacha kufuta tarumbeta lake kwa muda, na kwa yule mtoto hiyo ni salamu kubwa, ipokee. Nisalimie wifi na uwabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao wasiyemjua.

Mteja amebisha, naona kivuli chake kwenye pazia. Mungu akulinde njiani, akufikishe salama, na akuhifadhie udhaifu wako wote mpaka utakapoufungua mlango wetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hivyohivyo ulivyo.